Nyuki ahesabiwe shambani, si msituni peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niwaeleze wasomaji, na hasa wakulima wenzangu wa mikoa ya kati, jambo ambalo nimelielewa baada ya kuja hapa Tabora kusomea ufugaji nyuki, ingawa lilitokea nyumbani kwetu miaka minne iliyopita, wakati ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyejua maana yake.

Nyumbani kwetu ni Singida. Baba yangu analima ekari tatu za alizeti, na pembezoni mwa shamba mama hupanda maboga na matikiti maji. Mwaka huo alizeti ilikuwa imechanua vizuri, shamba zima la njano, na baba aliona funza wakitoboa vichwa. Siku ya mnada akanunua dawa kwa muuzaji wa pembejeo ambaye alimpimia kutoka kwenye dumu, akammiminia katika chupa tupu ya maji ya kunywa na kumwambia kuwa vifuniko viwili vinatosha bomba moja. Hapakuwa na karatasi wala maelezo mengine. Kesho yake, kama saa tatu asubuhi hivi, umande ulipokwisha kukauka, tulianza kupulizia, baba akiwa na bomba mgongoni nami nikimchotea maji kutoka kwenye pipa. Ninaukumbuka vizuri mvumo wa nyuki katika yale maua. Walikuwa wengi kiasi kwamba nilijifunga kitambaa usoni nikiwaona kuwa ni kero ya kuvumilia hadi kazi iishe.

Siku ya pili jioni alikuja mzee jirani yetu, mwenye mizinga ya magogo kumi na miwili kwenye miti iliyo ng'ambo ya korongo. Alikuwa ameshika ungo. Alikaribishwa kigoda lakini hakuketi, bali aliuweka ule ungo chini mbele ya baba. Ulikuwa umejaa nyuki. Wengi wao walikuwa wamekwisha kufa, wengine wakitetemeka na kuzunguka mahali pamoja huku wakiburuta mabawa, na karibu wote walikuwa wameutoa ulimi nje, ukiwa umenyooka kama uzi mwekundu. "Jirani yangu," alisema, "hawa nimewazoa chini ya mzinga mmoja tu." Baba alimjibu kwa ukweli kabisa kwamba yeye alipulizia funza, hakupulizia nyuki. Mzee akasema, "Najua, ndugu yangu," akaaga, akaondoka, na ungo wake akausahau pale pale uani. Msimu ule hakurina asali katika mizinga tisa kati ya kumi na miwili.

Shamba letu nalo halikusalimika. Tulipovuna, magunia yalijaa lakini yalikuwa mepesi, na mwenye mashine ya kukamulia alimwambia baba kwamba alizeti yake ina mapepe mengi, yaani mbegu tupu zisizo na kiini. Maboga ya mama yaliyofungwa yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole, mengine yakianguka yakiwa madogo kama ngumi. Mvua ilikatika mapema mwaka ule, kwa hiyo simtwishi nyuki hasara yote. Hata hivyo, tulilaumu mvua peke yake, na wala haikutujia akilini kwamba ule ungo uliobaki uani ulikuwa na uhusiano wowote na mapepe yaliyokuwa maguniani.

Nilipoanza masomo nilitarajia kufundishwa mizinga, moshi na asali. Mwalimu wetu alianza na ua. Alileta kichwa cha alizeti darasani akatugawia lenzi, akatutaka tuhesabu. Kile tunachokiita ua la alizeti si ua moja bali ni mkusanyiko wa maua madogo sana, mamia yake, na katika kichwa kikubwa hata zaidi ya elfu moja, na kila ua dogo ndilo linalozaa mbegu moja. Maua hayo hufunguka kwa duara, kuanzia ukingoni kuelekea katikati, kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo. Kila moja hutoa kwanza chavua, yaani ule unga wa njano, na sehemu yake ya kike hufunguka baadaye, aghalabu siku inayofuata, wakati chavua yake yenyewe imekwisha kuchukuliwa au kudondoka. Kwa hiyo ua hilo linahitaji mgeni atakayeliletea chavua kutoka kwenye ua jingine, na katika mashamba yetu mgeni huyo mara nyingi ni nyuki. Zipo mbegu chotara za siku hizi zilizozalishwa ili ziweze kujichavusha zenyewe kwa kiasi kikubwa, lakini mbegu ya Record, ambayo wakulima wengi wa kwetu bado wanaipanda na kuihifadhi kutoka msimu hadi msimu, inamtegemea mdudu zaidi ya hizo.

Tulilijaribu jambo hili kwa mikono yetu. Tulifunika vichwa kumi kwa vipande vya chandarua kikuukuu kabla havijachanua, tukaviacha vingine kumi wazi katika mstari ule ule, udongo ule ule na mvua ile ile. Siku ya kupeta, mbegu za vichwa vilivyofunikwa zilipeperuka kwa sehemu kubwa kama makapi. Ukiibonyeza moja kati ya vidole inabonyea, haina kiini. Mbegu za vichwa vilivyoachwa wazi zilibaki zimetulia kwenye ungo, nzito. Nilikuwa nimeushika ungo huo mimi mwenyewe, na nilishindwa kuendelea kupeta kwa muda, kwa sababu nilikuwa ninamwona mzee jirani amesimama uani kwetu.

Boga na tikiti maji ni wepesi zaidi wa kudhurika. Mmea wa boga huzaa maua ya kiume mbali na ya kike. Ua hufunguka alfajiri, hufunga kabla ya adhuhuri na halifunguki tena, na chavua yake ni nzito na yenye kunata kiasi kwamba upepo hauwezi kuibeba. Uzazi wa boga zima unategemea saa chache za asubuhi moja. Ua la kike la tikiti nalo hupokea wageni kwa siku moja tu, na halitosheki na mgeni mmoja, kwa kuwa chavua isipotosha na kuenea pande zote, tunda hukua upande mmoja na upande mwingine ukasinyaa. Yale matikiti yaliyopinda ambayo wachuuzi huyatenga na kuyauza kwa bei ya hasara, mara nyingi ni matunda ya maua ambayo hayakupata nyuki wa kutosha. Sasa msomaji aitazame tena saa yetu ya kupulizia. Saa tatu asubuhi ndiyo saa ambayo ua la boga liko wazi, alizeti imefunguka, na nyuki wote wenye nguvu za kuruka wako shambani. Tungeketi kuchagua saa mbaya kuliko zote tusingepata nyingine.

Sipendi kutia chumvi, kwa sababu jambo lenyewe ni zito bila kuongezewa. Kuna maneno yanayosambazwa kwenye simu kwamba nyuki wakitoweka binadamu atabakiwa na miaka minne tu ya kuishi. Maneno hayo hayana ushahidi. Mahindi, mpunga, mtama na uwele havimngoji nyuki ili vizae. Muhogo na viazi vitamu tunavipanda kwa vipando, na ndizi tunazokula hukua bila kuchavushwa. Ugali utakuwepo. Kitakachopungua ni kile kinacholiwa pamoja na ugali na kile kinachokaangiwa, yaani mafuta ya alizeti, maboga, matango, matikiti, maembe, maparachichi ya Njombe, korosho za Mtwara. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linaeleza kwamba aina tatu kati ya nne za mazao yanayotupatia matunda na mbegu za kula hutegemea wachavushaji, angalau kwa sehemu, lakini kwa uzito mazao hayo ni takriban asilimia 35 ya mavuno ya dunia. Mtu anayepima chakula kwa magunia pekee anaweza kuiona asilimia hiyo kuwa ndogo. Mama anayemtafutia mtoto wa mwaka mmoja kitu cha kuchanganya kwenye uji hawezi kuiona hivyo, kwa sababu anachokitafuta kimo humo.

Ndiyo maana ninaliandikia gazeti lako kama suala la chakula na si la asali tu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Udumavu una sababu nyingi, zikiwemo maradhi, maji machafu na mama kukosa lishe wakati wa ujauzito, lakini mojawapo ni sahani yenye wanga mtupu siku nenda siku rudi. Mafuta ya kula nayo bado tunayaagiza kwa wingi kutoka nje, mengi yakiwa ya mawese ya Malaysia na Indonesia, na wasomaji hawajasahau bei ya lita moja ilivyopanda mwaka 2022, hata familia zikawa zinanunua mafuta ya kupima kwenye vifuko. Serikali imewahimiza wakulima wa Singida, Dodoma na Simiyu kulima alizeti zaidi, na wamelima. Imezungumzwa mbegu, mbolea na mashine za kukamua. Katika mikutano yote niliyohudhuria kijijini kwetu kuhusu alizeti, sikumbuki hata mara moja neno nyuki likitajwa.

Nimejaribu kuelewa kwa nini, na naona sababu mojawapo iko katika namna tulivyogawana kazi. Katika nchi yetu nyuki yuko chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, pamoja na misitu. Sera yake ni ya mwaka 1998 na sheria yake ni Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002. Mkulima yuko chini ya Wizara ya Kilimo. Dawa anazopulizia husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020. Mgawanyo huo haukuja bure. Tangu zamani asali yetu ilitoka porini, na warina asali wa Unyamwezi walikuwa wakihamia msituni kwa majuma mengi, wakilala kwenye kambi zao hadi msimu uishe, hivyo ilikuwa sahihi kumweka nyuki pamoja na mti unaomtunza. Lakini nyuki mwenyewe hajui mpaka huo. Mfanyakazi wa mzinga huruka kilomita mbili au tatu kutafuta chakula bila taabu. Ukichora duara la kilomita tatu kuuzunguka mzinga mmoja unapata eneo la kilomita za mraba 28, na katika vijiji vyetu eneo hilo lina msitu kidogo, korongo, makaburi, shule na mashamba ya watu wasiopungua mia. Mwenye mizinga hana mamlaka juu ya hata shamba moja kati ya hayo, na wenye mashamba hawajui kwamba wanamlisha nyuki na kulishwa naye.

Matokeo yake ni hesabu iliyopunguka. Kila tarehe 20 Mei, ambayo Umoja wa Mataifa umeifanya kuwa Siku ya Nyuki Duniani tangu mwaka 2018, tunasikia tani za asali na nta zilizouzwa, na idadi ya mizinga iliyogawiwa kwa vikundi vya vijana na akina mama. Tunakumbushwa, na ni haki yetu kujivunia, kwamba Tanzania ni ya pili kwa uzalishaji wa asali barani Afrika baada ya Ethiopia. Mbegu nzito za alizeti hazimo katika hesabu hiyo, wala maboga, wala maembe. Thamani hiyo imeandikwa katika daftari la kilimo bila jina la aliyeifanyia kazi, na kitu kisichoandikwa jina hakina wa kukitetea siku kinapoangamizwa. Mzee jirani alipoteza nyuki wa mizinga tisa, na hakujua aende ofisi gani. Afisa wa nyuki yuko wilayani, mbali. Afisa ugani wa kilimo yuko kwenye kata, tena ni mtu msikivu, lakini nyuki si kazi yake.

Kuhusu dawa naomba nieleweke vema. Simwombi mkulima aache kupulizia na kuwatazama funza wakila jasho lake. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, kuna watu ambao wangekosa hata debe la mahindi bila dawa. Hata hivyo, ni hapo hapo tulipozoea kupulizia mara kwa mara, na ninaona tabia hiyo imehamia kwenye mazao mengine. Wengi wanadhani mahindi hayahusiani na nyuki kwa kuwa huchavushwa na upepo, ilhali nyuki huiendea mbelewele, yaani ua la kiume la mahindi lililo juu ya bua, asubuhi kukusanya chavua ya kulishia watoto wao. Chavua yenye sumu haimuui anayeibeba peke yake. Inaingizwa mzingani, inahifadhiwa kwenye masega, na inaliwa na watoto waliozaliwa wiki mbili baadaye. Zipo pia dawa ambazo mmea huzinyonya zikaingia hadi kwenye chavua na kwenye mbochi, ule umajimaji mtamu ambao nyuki hutengenezea asali. Moja ya hizo ni imidaclopridi, ambayo pamoja na nyingine mbili za ukoo wake Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku mashambani mwaka 2018 kwa sababu ya madhara yake kwa nyuki. Hapa kwetu imo katika dawa zinazouzwa madukani, na mkulima anayemiminiwa kwenye chupa ya maji hana namna ya kujua kama ni hiyo au nyingine.

Katika yote niliyojifunza, hili la chupa ndilo linalonisumbua kuliko mengine, kwa sababu dawa iliyotolewa kwenye chombo chake imetolewa pia kwenye maneno yake. Lebo halali hueleza kipimo, zao, siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na mara nyingi huonya kuwa dawa isipuliziwe wakati wa maua. Yote hayo hubaki dukani. Ninaomba wanaosimamia maduka ya pembejeo wazuie kabisa upimaji wa dawa kwenye chupa za vinywaji. Ninajua kinachousababisha ni umaskini, kwamba mtu ana ekari moja na chupa nzima inamzidi. Basi watengenezaji waweke vifungashio vidogo vya bomba moja au mawili, chumvi na majani ya chai vinafungwa hivyo miaka yote, na lebo iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka bila miwani, ikiwa na picha ya ua na ya nyuki kwa ajili ya asiyejua kusoma.

Mengine hayahitaji fedha. Anayelazimika kupulizia shamba lililochanua apulizie jioni, kuanzia saa kumi na mbili, nyuki wakiwa wamerudi, na achague dawa isiyokaa muda mrefu kwenye majani. Bora zaidi, akague shamba kabla halijachanua na kuwashughulikia funza wakati huo. Siku moja kabla, apeleke habari kwa wenye mizinga walio karibu. Mfugaji akipata habari anaweza kuziba mlango wa mzinga usiku kwa wavu wa waya unaopitisha hewa, akauwekea kivuli, na kuufungua kabla ya jua la mchana kuwa kali. Katika mzinga wa gogo ulio juu ya mti ni kazi ngumu, lakini inafanyika, na wazee walio tayari kupanda mti usiku kwa ajili ya asali wako tayari kupanda kwa ajili ya kuokoa nyuki wenyewe. Shamba moja la alizeti huwa katika maua kwa wiki mbili hadi tatu tu. Ni muda huo pekee tunaoombwa kuwa waangalifu.

Tusiwasahau pia nyuki wasio na mzinga. Duniani kuna zaidi ya aina 20,000 za nyuki, na wengi wao huishi mmoja mmoja, katika mashimo ya ardhini, kwenye mabua na kwenye mbao. Yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa boriti za nyumba, ambaye watoto humfukuza kwa fagio, ana kazi ambayo nyuki wa asali hawezi kuifanya: hulishika ua la bilinganya na kulitikisa kwa mvumo wa mwili wake hadi chavua imwagike. Utafiti uliofanywa Nguruman nchini Kenya ulionyesha kwamba bilinganya za huko zilitegemea nyuki wa porini wa namna hiyo, ambao nao walitegemea maua ya vichaka vilivyo karibu na mashamba. Kichaka tunachokifyeka kwa kukiona pori tu, au kukichoma kila Septemba ili shamba lionekane safi, ni nyumba yao na chakula chao katika miezi ambayo shamba halina ua hata moja.

Hapa Tabora jambo hilo lina sura nyingine. Miti ya miombo, mitundu na mininga inayolisha nyuki ndiyo inayokatwa kuwa kuni za mabani ya kukaushia tumbaku ya mvuke, na kuwa mkaa unaopelekwa mijini. Sisi wafugaji nasi tuna deni letu. Mzinga wa gome unatengenezwa kwa kuubandua mti ngozi yake yote kuuzunguka, na mti huo hufa. Kila mzinga wa namna hiyo ni mti mmoja mkubwa uliokuwa ukitoa maua. Na bado wapo warinaji wanaotumia mienge ya moto inayounguza kundi zima na wakati mwingine kuwasha msitu. Tutawezaje kumwomba mkulima awaonee huruma nyuki ikiwa sisi wenyewe tunawachoma?

Sheria ya mwaka 2002 imetoa nafasi kwa kijiji kutenga hifadhi ya nyuki katika ardhi yake. Si lazima liwe eneo kubwa. Kwetu Singida yako makorongo na miinuko ya mawe ambayo haijawahi kulimwa wala haitalimwa, na ingetosha mkutano wa kijiji kukubaliana kwamba hapo hapakatwi mti, hapachomwi moto, na mwenye mzinga ana haki ya kuutundika. Ningependa afisa nyuki wa wilaya na afisa ugani wa kata wahudhurie mkutano huo siku moja, waketi meza moja, na mkulima wa alizeti awaulize wote wawili swali lake kwa pamoja.

Baba yangu sasa hupulizia jioni. Nilimweleza wakati wa likizo yangu ya kwanza, nikiwa na hofu kwamba mtoto anamkosoa mzazi, lakini alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo yale mapepe?" Nikamjibu kuwa sehemu yake, ndiyo. Asubuhi iliyofuata aliuchukua ule ungo, ambao mama alikuwa ameutunza ghalani miaka yote hiyo, akaenda nao ng'ambo ya korongo, akakaa huko hadi mchana. Hawakunieleza walichozungumza. Tangu wakati huo, kabla ya kila siku ya dawa, mdogo wangu hutumwa kwa mzee kupeleka habari, na mizinga mitano kati ya ile tisa imekwisha kupata nyuki tena, makundi yaliyohamia yenyewe.

Kwetu alizeti hupandwa Desemba na Januari, na maua ya kwanza huonekana Machi. Kwa hiyo mkutano mkuu wa kijiji unaofanyika kabla ya Machi ndio wa mwisho wenye manufaa kwa msimu huu, na ninawaomba wenyeviti wa vijiji watakaosoma barua hii waliweke jambo la saa ya kupulizia katika ajenda zao.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanafunzi wa ufugaji nyuki, mwaka wa pili,
Tabora.